Mashine Iliyokosa Kimya

Asubuhi hiyo mashine haikusikia kimya hata kidogo, na Houda akadhani waya umelegea.

Mwaka huo wa 2004 alikuwa akikadiria idadi ya wakimbizi waliolala katika hangari karibu na bandari ya Bujumbura, ili chakula kisiwapungukie. Kila mmoja alivaa bangili yenye kidude cha redio. Mashine zilizotundikwa ukutani ziliziita bangili zote kwa mpigo, bila jina wala namba, na kila bangili ikajichagulia kwa bahati nukta yake ya wakati ya kuitika. Nukta zilizobaki kimya ndizo zilizompa Houda makadirio: kimya kikipungua, watu wameongezeka. Humo ndani alikuwamo mama yake, Mwantum, tangu nyumba yao ya Kinama ichomwe.

Sylvère, mgawaji wa chakula, alichungulia hesabu, watu wengi kuliko hangari inavyoweza kubeba, akacheka. "Eh, Houda! Basi tupikie na majini ugali."

"Usicheke. Waya nimebadilisha."

Akaita bangili moja tu, ya mama yake, kwa namba. Mashine ya mlangoni ikalia tik. Papo hapo ikalia na ile ya ukuta wa mwisho, ambayo haiwezi kusikia hadi mlangoni. Akajaribu namba ya jirani, na ya mtoto wa jirani. Kila mtu alikuwa pande mbili. Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikaja, Houda akachomoa umeme, lakini tik, tik, mashine zikaendelea.

Shekhe Uthmani aliletwa kutoka Buyenzi na chetezo chake. Alifika kizingitini, hakuingia.

"Mwanangu, hapa damu ilimwagika mwanzo wa vita. Na we unaita bila jina? Basi kila aliyekuwako ameitika."

"Watoe, Shekhe."

"Nimutoe nani? Mi sijui tena mutu ni nani." Alinong'ona. "Mwite mama yako kwa jina. Mutu aliyelelewa Buyenzi kama yeye hawezi kuitikia sauti asiyemuona mwenyewe, mpaka iite mara ya tatu. Jini haina subira, inaitika ya kwanza."

Houda akasimama nje, nyuma ya mlango wa bati, na kwa aibu ya mtoto ambaye hajawahi kutamka jina la mzazi wake, akaita, "Mwantum!"

"Labeka, mwanangu," ikajibu hangari yote, wazee na wanaume na vichanga ambavyo havijaota jino, wote kwa sauti moja, ile ya mama yake, na Sylvère akarudi nyuma mpaka akajigonga kwenye magunia.

"Apana," alisema. "Apana, apana."

"Mwantum!"

"Labeka." Safari hii walikuwa upande wa pili wa bati, karibu kabisa, na bati likapata joto kiganjani mwake.

Houda akasogeza mdomo kwenye bati. Mama yake angesubiri hii ya tatu.

"Mwantum!"

Akatega sikio mpaka shekhe alipomshika mkono amwondoe. Hakuna aliyeitika.