Simu Kumi na Nne za Kalunde

Mashine ilipiga magoti. Ilipiga magoti vizuri kuliko mtu, kwani magoti yake yalikuwa ya mpira laini usiochubuka, na ilipofika chini iliinamisha kichwa taratibu, ikaunganisha viganja, ikaanza kulia. Machozi yalikuwa maji na chumvi. Yalitoka kwenye tangi dogo nyuma ya masikio, na tangi hilo lilijazwa kila Jumatatu.

Iliitwa Mtubu. Kazi yake katika Taasisi ya Maridhiano ya jiji la Itigi Mpya ilikuwa kuwaomba radhi, kwa niaba ya dola, watu waliofungwa kisha wakaonekana hawana hatia. Wakubwa walikuwa wamegundua kwamba mtu akipewa kazi hiyo hujikwaa, hutazama saa au, vibaya zaidi, huomba radhi kwa dhati na kutaja majina. Mtubu haikujikwaa wala kutaja jina. Tangu izinduliwe ilikuwa imewaomba radhi watu mia mbili na sita, na wote waliweka kiganja juu ya kibao cha ridhaa, bamba la kioo lililokuwa mezani. Kiganja kikishawekwa, aliyeonewa alipewa nyumba, matibabu na kazi. Jalada lake nalo lilifungwa, asiulize mtu tena ni nani aliyekosea.

Wa mia mbili na saba alikuwa Nyamizi.

Alikaa mbele ya kile kilio, mikono mapajani, akikitazama kama unavyomtazama mlevi aliyeanguka mlangoni pako. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kumi na mmoja kati ya hiyo aliimaliza gerezani kwa neno la mashine nyingine, Shahidi-Mwendo, iliyomtambua mtu kwa jinsi anavyotembea. Ghala la asali la ushirika liliungua, mlinzi akafia humo, na kamera ikamnasa mtu aliyejifunika uso akiondoka huku akiburuta mguu wa kushoto. Nyamizi alikuwa mrina asali. Aliwahi kuanguka kutoka juu ya mti akienda kwenye mzinga, na tangu hapo aliuburuta mguu wake wa kushoto. Shahidi-Mwendo ilisema ni yeye, na mahakama haikuona sababu ya kubishana na kitu cha gharama kubwa namna ile. Mwaka wa kumi na moja mtu mwingine alikiri akiwa kitandani, anakata roho, na ushahidi aliouonyesha haukuacha shaka.

"Nisamehe," ilisema Mtubu kwa sauti nzito ya kiume. "Nimekukosea."

"Wewe?" aliuliza Nyamizi. "Wewe umeundwa juzijuzi hapa. Ulinikosea lini?"

Pembeni alisimama Mhandisi Theobald Mwinuka, aliyeibuni Mtubu na kuiongoza Taasisi. Mwanamume mnadhifu, mwenye mazoea ya kuipapasa mashine yake begani kama mtu ampapasavyo ng'ombe wa maziwa.

"Inasema kwa niaba ya mfumo, mama," alieleza kwa upole. "Aliyekukosea ni mfumo."

"Mfumo ndio uliokuja kunibishia hodi? Aliyenifunga pingu alikuwa na pete ya ndoa na alinuka vitunguu. Aliyesaini hati alikuwa na mkono. Waite hao."

"Kisheria hakuna mtu mmoja anayeweza kusemwa kwamba..."

"Basi walete wote. Chumba kina nafasi."

Mhandisi alivuta pumzi. "Mwenzetu ana uchungu," aliiambia mashine, si yeye. "Nenda hatua ya pili."

Hatua ya pili ndiyo iliyompatia Mwinuka nishani. Msamehaji akisita, Mtubu hutafuta sauti ambayo hawezi kuikatalia. Uso wa mashine ukalegea, mashavu yakashuka kidogo, midomo ikajikunja, kisha ikaita, "Nyami."

Nyamizi aliinua kichwa.

"Nyami, mwanangu. Samehe yaishe."

Ilikuwa sauti ya mama yake, Kalunde, aliyekufa katika mwaka wa tatu wa kifungo. Mkwaruzo ulikuwa uleule, na mwisho wa jina ulivutwa vilevile, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya shamba. Nusura aitike abee. Mashine ikakohoa, kikohozi kikavu cha ndani kifuani, ikaendelea: "Kusamehe ni kujipumzisha, mwanangu."

Hapo Nyamizi akacheka.

"Mama yangu huyo? Mama yangu hakumsamehe hata mbuzi. Mbuzi wa jirani alikula mchicha wake siku moja tu, akamnunia misimu mitatu, mbuzi pamoja na mwenyewe. Ndiye leo awasamehe ninyi?" Akamgeukia mhandisi. "Na hicho kikohozi umekiokota wapi? Mama yangu hakuwa na kikohozi."

Mwinuka angeweza kutukanwa kwa lolote akavumilia, ila si kazi yake.

"Sikuokota kitu," alisema, uso umemwiva. "Kila pumzi unayoisikia imetoka kwenye rekodi za simu alizokupigia gerezani. Simu arobaini na tano."

"Thelathini na moja," alisema Nyamizi. "Kila akipiga nilichora mstari ukutani. Thelathini na moja, halafu akaacha."

Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka ule wa tatu, alipopangiwa kazi ya jikoni siku za Jumapili, simu zilikatika. Alingoja Jumapili hii, akangoja ijayo, mwisho akajijibu mwenyewe kwamba hata mama yake sasa amekubaliana na mashine. Alipoletewa habari kwamba Kalunde ameshazikwa, alisema "sawa" na kurudi jikoni kumenya viazi. Hakulia. Kwa miaka minane alijivunia kwamba hakulia.

"Ni arobaini na tano," alisisitiza mhandisi, na kwa kiburi cha fundi akagusa kioo cha meza. "Sikiliza chanzo chenyewe, ulinganishe kikohozi."

Sauti iliyojaa chumbani safari hii haikutoka mdomoni mwa Mtubu.

"Nyami." Kikohozi. "Wameniambia tena kwamba hutaki kuongea na mimi. Haya. Mimi naongea tu, labda waya utakufikishia. Nimewaambia hao wenye mashine yao, mwanangu hatembei vile. Mguu anauburuta, ni kweli, lakini kisigino hukitanguliza. Yule wa kwenye picha anatanguliza vidole. Nani atajua kuliko mimi? Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea." Kikohozi kirefu. "Kifua kinabana. Jumapili nitapiga tena. Usininunie, mwanangu."

Mwinuka alikuwa ameshazima, lakini alichelewa. Kwanza alikuwa akisikiliza kikohozi tu, kama fundi. Maneno yalimfikia nyuma ya kikohozi, na yalipomfikia akaanza kuzipanga upya kalamu zilizokuwa zimepangika.

Nyamizi alishika kingo za kiti. Jambo ambalo lingemtoa gerezani, mama yake alikuwa amelisema kwa kinywa chake, miaka minane kabla, na walilihifadhi vizuri kabisa. Walilihifadhi kwa ajili ya kikohozi.

"Nani alimwambia sitaki kuongea naye?"

Mhandisi alieleza, na kwa kuwa alizoea kueleza vizuri, alieleza vizuri. Simu za gerezani zilipokelewa na mashine iitwayo Mpokezi. Mfungwa akiwa kazini na askari wa kumwita hayupo, Mpokezi ilitakiwa impe mpigaji sababu. Majibu kadhaa yalijaribiwa, na jibu lililoleta malalamiko machache kuliko yote lilikuwa kwamba mfungwa hataki kuongea.

"Watu wakiambiwa askari hayupo, huandika barua," alisema. "Wakiambiwa mpendwa wao hataki, hunyamaza."

"Na jibu hilo lilichaguliwa na nani? Mfumo?"

Mhandisi aliinyoosha kalamu moja mezani.

"Ilikuwa kazi yangu ya kwanza," alisema Mwinuka. "Nilikuwa bado mgeni kazini."

Basi alikuwepo. Baada ya miaka kumi na mmoja ya mifumo, Nyamizi alimwona mtu mzima mzima, ana shingo, ana shati lililopigwa pasi. Akamngoja. Angetosheka na neno moja lililokwama kooni. Lakini Mwinuka, kwa mazoea, aligeuka akaipapasa Mtubu begani, na Mtubu ikapiga magoti upya, ikaunganisha viganja.

"Nisamehe," ilisema kwa sauti ya Kalunde.

Nyamizi alisimama. "Hata hili unaituma mashine!" alisema polepole. "Nilidhani wewe ni mwovu, ningekuchukia kwa raha zangu. Kumbe huna hata uovu wa kukutosha." Kisha: "Nipe hizo nyingine kumi na tatu."

"Rekodi ni mali ya Taasisi. Utapewa ukishaweka kiganja."

Alikitazama kibao. Alikuwa analala chini, sebuleni kwa binamu yake, na mguu ulimuuma kila asubuhi ya baridi. Akainama, akakitemea mate.

"Tafadhali weka kiganja kikavu," kibao kilisema.

Kwenye ukumbi wa kusubiri walikaa watu saba wenye namba mikononi, wote wametoka magerezani mwaka huo. Nyamizi alisimama katikati yao, akauliza bila salamu:

"Nani kati yenu ana mtu wake aliyeacha kumpigia simu?"

 Mkono mmoja ukainuka, na mwingine. Mwisho ilikuwa mikono mitano. Akawaeleza alichokisikia. Hakukirembesha wala kukilainisha.

Taasisi ilikuja kuzitoa zile simu kumi na nne baada ya miezi mitano na kesi moja mahakamani. Nyamizi alizisikiliza kwa zamu, moja kila Jumapili, na katika ya kumi ndipo alipolia. Nyumba alipewa baadaye, kwa amri ya jaji. Mwinuka alihamishiwa idara nyingine, na wanasema bado anaeleza vizuri.

Lakini mchana ule, pale ukumbini, Mzee Chiduo aliinuka. Alikuwa amefungwa miaka kumi na tisa, na mdogo wake Mathayo aliacha kupiga katika mwaka wa nne. Siku ya kutoka, Mathayo alikuja kumpokea langoni, na Mzee alimpita kama anavyoupita mti.

"Nani ana simu?" aliuliza.

Nyamizi alimpa yake. Mzee alimtajia namba, naye akambonyezea na kumshikia. Iliita mara nne.

"Nani?" ilisema sauti.

"Mathayo. Ni mimi. Usikate."

 Sauti ile ikauliza, taratibu, kama mtu anayekanyaga mahali asipopaamini:

"Kaka, umekubali kuongea na mimi?"

Mzee Chiduo aliinua macho akamtazama Nyamizi. Wenzake sita walimtazama yeye. Nyamizi aliisogeza simu karibu zaidi na midomo yake.

"Mwambie," alisema. "Mwambie hujawahi kukataa."