Mstari Mweupe wa Kunnei

Asubuhi za baridi kali, kazi ya kwanza nyumbani kwetu ilikuwa kusikiliza redio. Mtangazaji alisoma nyuzi za baridi, kisha akataja madarasa ambayo hayangeenda shule. Siku ile ilikuwa nyuzi arobaini na nane chini ya sifuri, na darasa letu la sita lilitajwa. Nilirukaruka mpaka mama akaniambia nitulie nile chapati za maji zingali moto. Sisi watoto wa Yakutsk tuko hivyo: tunazuiwa kwenda shule tusigande njiani, nasi tunashinda nje tukiteleza kwenye kilima cha barafu.

Lakini kabla ya kuteleza nilikuwa na kazi gereji. Baba yangu, fundi Bahilai, alikuwa akifunga hita za magari. Hita ni kijisanduku kinachokaa karibu na injini. Kinachoma mafuta kidogo, kinapasha maji ya rejeta, na maji yale yanapasha injini na viti vya abiria kabla hujawasha gari; safarini huachwa kikiwaka ili watu wasigande. Moshi wake hutoka kwa bomba dogo linalopita chini ya sakafu. Bomba hilo hushikwa na klipu moja, tena mahali pembamba ambapo mkono mnene wa baba haukupita. Wangu ulipita. Basi klipu zote zilikuwa zangu, na nilijivuna nazo kupita kiasi.

Baba alikuwa na sheria moja. Ukishakaza klipu, unachukua brashi na kupaka mstari mweupe wa rangi juu ya skrubu yake. Mstari ule ulimwambia kila mtu kwamba hapa pamekazwa, na hakuna aliyerudi kukagua.

Gari la siku ile lilikuwa la Shangazi Ogdo. Hakuwa ndugu yetu, ila mji mzima ulimwita shangazi kwa sababu aliwabeba wagonjwa wa vijijini kuwaleta hospitali na kuwarudisha kwao. Gari lake kuukuu la kijivu tuliliita Mkate, maana lilikuwa na umbo la boflo. Safari hii angempeleka dada mmoja aitwaye Aita, aliyejifungua siku tisa nyuma, pamoja na mtoto wake. Kijiji chao kilikuwa ng'ambo ya mto Lena, na wakati wa baridi tunauvuka kwa gari juu ya barafu.

Niliingiza klipu, nikazungusha skrubu mara mbili, labda tatu. Bisibisi ikateleza. Wakati huohuo rafiki yangu Saina aligonga dirisha na kunicheka kupitia kioo, akiuliza kama nimeolewa na hilo gari. Nikajiambia nitamalizia nikirudi kutoka kuteleza, kwani Mkate ungeondoka jioni. Kisha, sijui shetani gani alinipitia, nikachukua brashi nikapaka mstari. Baba akauliza kama tayari. Nikasema tayari. Aliutazama mstari, akaitikia kwa kichwa.

Niliporudi saa saba mchana, mashavu yakiniwasha kwa baridi, mahali pa Mkate palikuwa wazi. Mama alinimiminia chai ya maziwa. Baba akaniambia kwamba Shangazi Ogdo ameamua kuondoka mapema avuke kabla ya giza, amempitia Aita wodini, wakapita hapa kuaga, na hata nusu saa haijapita. Shangazi alikuwa amenisifu sana. Alisema akifika kijijini atawaambia watu kwamba hita yake imefungwa na mkono wa msichana.

Nisijifanye shujaa hapa: wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kunyamaza. Pengine klipu ingeshika. Pengine hakuna ambaye angejua. Lakini mama akaanza kusimulia jinsi yule mtoto alivyo mdogo, kwamba angeweza kulala ndani ya kofia ya baba na nafasi ikabaki. Nikaitazama ile kofia pale ukutani, nikashindwa.

"Baba, ile klipu sikuikaza. Nilipaka rangi tu."

Hakunifokea. Ni afadhali angefoka. Aliweka kikombe chini, akauliza nimezungusha skrubu mara ngapi, nikamjibu. Akainuka akachukua koti. Tulijua wote watatu hatari yake. Barabara ya barafu inatikisa gari, bomba linachomoka, na moshi unapanda ndani kupitia matundu ya sakafu. Sumu iliyomo kwenye moshi huo haina harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na mtu haamki tena. Mama alipiga simu mara tatu, lakini kule mtoni hakuna mtandao.

"Atasimama kwenye mti," nikasema.

Ng'ambo ya Lena, barabara inapopanda kutoka mtoni, kuna mti mmoja uliofungwa nyuzi za manyoya ya farasi na vitambaa. Dereva wa kwetu hapiti pale bila kusimama na kuacha kitu, kuomba njia njema. Shangazi Ogdo, tena akiwa na mtoto mchanga anayevuka mto kwa mara ya kwanza, angewasha na kijimoto akilishe chapati na siagi, kama ilivyo desturi yetu ya kuomba baraka. Baba alinitazama, akanitupia glovu zangu. Njia nzima ukungu ulikuwa mzito, nami niliuomba ule mti umcheleweshe.

Tuliuona Mkate umesimama pale, injini inaunguruma. Shangazi Ogdo alikuwa amepiga magoti mbele ya moto wake mdogo. Baba hata hakusalimu. Alifungua mlango wa abiria, akazima hita na injini. Aita alikuwa ameegemea dirisha, macho nusu. Alilalamika kwa sauti ya chini kwamba kichwa kinamgonga, akadhani ni uchovu wa uzazi. Baba alimchukua mtoto akamweka ndani ya koti lake, nami nikamshika Aita mkono mpaka garini kwetu. Tulikaa tukimsikiliza yule mtoto. Kimya. Kisha akalia, kilio kikali cha njaa. Sijawahi kushukuru kelele namna ile.

Bomba lilipopoa, baba alinipa bisibisi. Nililala chali juu ya theluji. Bomba lilikuwa limechomoka kabisa. Nililirudisha na kukaza klipu mpaka skrubu ikagoma, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Nilipotafuta brashi, baba akaniambia hakuileta.

Shangazi Ogdo alisikia habari yote kutoka kinywani mwangu. Nilisimama mbele yake nikingoja kofi.

"Sasa wewe nikufanyeje?" akasema. "Umetaka kutuua, kisha umekuja mbio kutuokoa. Nikuchape kwanza au nikubusu kwanza?"

Akanivuta akanibusu kwenye paji la uso, machozi yake yakigandia kwenye kope. Tuliwarudisha Aita na mwanawe hospitali, na daktari alipowapima alisema tungechelewa kidogo tu, angekuwa na maneno mengine ya kutuambia. Wakasafiri kesho yake, wazima.

Tangu siku ile baba alikagua kila klipu yangu kwa kioo kidogo, na sikuruhusiwa kugusa rangi. Niliona aibu, lakini sikulalamika. Mwezi wa tatu Aita alikuja gereji na mtoto aliyenona, na bakuli la krimu iliyogandishwa. Alisema ni la kunishukuru mimi. Nilirudi nyuma, nikamwambia sistahili, kwani kosa lilikuwa langu.

"Pokea," baba alisema. "Shukrani zake si za klipu. Anakushukuru kwa sababu ulisema. Kazi mbaya inaweza kukazwa upya, Kunnei, lakini ni mpaka aliyeifanya afungue mdomo. Ungenyamaza siku ile, mimi ningekuwa bado nauamini mstari wako, na huyu mtoto asingekuwepo."

Nililipokea bakuli kwa mikono miwili. Aita alipoondoka, baba alifungua kabati, akaniwekea brashi mezani, akarudi kwenye kazi yake bila kugeuka kunitazama. Chini ya gari lililokuwapo nilikaza skrubu mpaka ikagoma. Nikaijaribu tena. Ndipo nikachovya brashi.