Likizo ya Uvuvi ya Papa Zéphirin

Maiti ilikuwa chini ya shimo, imelala kifudifudi juu ya majani yaliyonyauka, na hakuna askari aliyethubutu kuishukia.

Inspekta Joviale Nsimire alisimama ukingoni akatazama. Mzee wa kiume. Fulana mpya ya wavuvi, yenye mifuko mingi. Mkono wa kuume umekamata ufito mrefu wa kuvulia samaki. Karibu na kichwa chake walilala ndege wadogo na mjusi, nao wamekufa.

"Mazuku," alisema Gradi, askari msaidizi wake. "Ajali, chef. Hapa Bulengo tumeokota wengi."

Mazuku. Mtoto wa Goma hulijua neno hilo kabla hajajua kusoma: hewa nzito inayotoka kwenye ardhi ya volkano, isiyo na rangi, inayojikusanya mabondeni alfajiri wakati upepo umelala. Anayeshuka humo hupiga magoti kama anayesali, na hainuki tena.

Nsimire alifunga nyasi kavu kwenye waya, akaziwasha, akaziteremsha polepole. Moto ulizimika kabla haujafika nusu ya shimo, ghafla, kana kwamba umebanwa kwa vidole.

"Tusubiri upepo," alisema.

Mwanamke aliyeikuta maiti alikuwa ameketi kando ya njia, mzigo wa kuni ubavuni. Aliitwa Dative, mkimbizi kutoka milima ya Masisi.

"Uliona mutu mwingine hapa, mama?" Nsimire alimuuliza.

"Hapana. Niliona kofia kwanza. Nikasema, mutu mwenye kofia nzuri vile hawezi kuiacha. Ndipo nikachungulia."

Kofia ilikuwa bado juu ya jiwe jeusi ukingoni. Ndani yake mlikuwa na kokoto, imewekwa ili upepo usiichukue. Hatua chache kutoka hapo majani yalikuwa yamelala. Mtu alikuwa ameketi pale, tena kwa muda mrefu.

Jua lilipopanda, upepo wa ziwa ukaanza kuvuma. Safari hii moto ulifika chini bila kuzimika. Askari wawili walifungwa kamba viunoni, tayari kushuka.

"Msiguse kitu kwanza," Nsimire aliamuru. "Gradi, piga picha. Huo ufito, upige wote, toka mwanzo hadi mwisho."

Mzee alikuwa ameushika ufito kwenye mpini. Ncha yake ililala juu ya ukingo, mbele ya majani yaliyolala.

"Alikuwa anapanda nao," alisema Gradi.

"Mutu anayepanda anatafuta pa kushika. Huyu alibaki chini, akaunyoosha juu." Nsimire aliinama. Ncha ya ufito iliingia mkononi mwake bila yeye kujinyoosha. "Unamunyooshea nani ufito kama uko peke yako?"

Gradi alipiga picha nyingine.

*

Kadi ya mpiga kura ilikuwa kwenye mfuko wa fulana. Zéphirin Ndagijimana, fundi wa redio aliyestaafu, mjane, mkazi wa Himbi. Daktari wa uchunguzi wa maiti hakukawia.

"Amekosa hewa," alisema. "Hana jeraha, hana dalili ya kupigana, hana sumu tumboni. Amekufa mapema asubuhi, jua likichomoza au kabla kidogo. Kama unatafuta muuaji, Inspekta, ni ardhi."

Wakati huo simu ya marehemu, iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki mezani, ikaanza kulia. Kwenye kioo iliandikwa: *Umwiza, binti yangu*.

Nsimire aliitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Akaichukua, akatoka nayo uani.

"Papa! Umeshafunga valizi ya safari?" Sauti ilikuwa ya furaha, na watoto walisikika nyuma yake. "Watoto wanauliza kama yule mwenye boti anajua Kiswahili!"

"Mama Umwiza, mimi si papa yako. Ni polisi wa Goma. Uko na mutu karibu yako? Kaa chini kwanza."

Alimweleza. Alikuwa amefanya kazi hiyo mara nyingi, na kila mara alijikuta anatazama viatu vyake. Upande wa pili hakuna aliyelia. Mlango ulifungwa, sauti za watoto zikapotea, na pumzi ya mwanamke ikabaki peke yake kwenye simu.

"Nisamehe nikikuuliza," Nsimire alisema baadaye. "Alikuwa anasafiri kwenda wapi?"

"Mafia. Kisiwa cha Tanzania. Tulikodi nyumba pwani kwa vakanse, likizo yetu, na boti ya kuvulia. Alikuwa anapita Kigali, halafu Dar es Salaam. Sisi tungetoka Liège, huku Ulaya, tumukute kule. Kila siku alinipigia simu. Leo anaulizia chambo, kesho anauliza nguru anavuta namna gani, kesho kutwa kama jua la kule litamuunguza kichwa. Papa wangu ni mutu wa ng'ombe, Inspekta. Mama yake hakuwahi kupika samaki. Alijifunza kuvua akiwa muzee."

"Nani alimufundisha?"

"Rafiki yake, Mwalimu Sebahire wa Majengo. Jumamosi wanavua pamoja Bulengo, Jumapili wanakaa kupanga safari ya Mafia. Wameipanga tangu volkano ya mwisho."

"Basi Mwalimu naye alikuwa anaenda?"

"Hapana. Papa aliniomba. Nikakataa. Sijamuona papa wangu tangu tumuzike mama. Nilimutaka mwenyewe, bila mugeni mezani. Nikamuambia, hii ni ya familia."

"Mwalimu alijua?"

"Papa alisema atamueleza. Kila nikimuuliza anasema bado. Aliogopa kumueleza."

Nsimire alimshukuru, akakata simu. Alikaa garini dakika kadhaa bila kuwasha injini. Yeye mwenyewe ni wa Bukavu, na tangu ahamishiwe Goma hakuna aliyemuuliza kama amefunga valizi.

*

Kesho yake Gradi alimpata dereva wa pikipiki kwenye maegesho ya njia ya Sake. Kijana mrefu, jina lake Landry, mwenye koti la mvua lililochanika begani.

"Wale wazee nawajua," alisema Landry. "Jumamosi zote nawabeba mimi. Jana pia. Niliwapandisha wote wawili kwa moto, hii pikipiki yangu, mmoja ameshika ule mti mrefu kama bendera. Walikuwa wanacheka."

"Ukawaacha wapi?"

"Pale juu, wanaposhukia ziwani. Nilienda kubeba watu wengine. Kurudi, jua limeshatoka, nikamukuta mumoja kando ya barabara. Yule mwalimu. Anatembea kwa miguu. Nikamuambia panda, muzee."

"Alipanda?"

"Alipanda. Nikamuuliza, mwenzako yuko wapi?"

"Akakujibu nini?"

Landry alikuna kidevu. Kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa.

"Alisema, 'Amesafiri.'"

*

Nyumba ya Mwalimu Sebahire ilikuwa ya mbao, imejengwa juu ya msingi wa mawe meusi ya volkano, katika uchochoro wa Majengo ambako redio za majirani husikika ukutani kama zako. Yeye mwenyewe alifungua mlango. Mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, macho mekundu.

"Karibuni. Nilijua mutakuja."

"Kwa nini ulijua, Mwalimu?"

"Mtaa wote unasema Zéphirin amekufa. Mimi ni rafiki yake. Polisi huanza kwa rafiki."

Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la makaa, na viti viwili. Viti vyote viwili vilielekea ukuta mmoja, na ukutani ilikuwa ramani kubwa iliyochorwa kwa mkono kwa rangi za shule: kisiwa, visiwa vidogo vilivyokizunguka, miamba ya matumbawe, mishale ya buluu ya mikondo ya maji. Samaki walichorwa mahali pao. Nguru. Kolekole. Changu.

"Umewahi kufika?" Nsimire aliuliza.

"Sijawahi kuvuka mupaka. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote, na mbali zaidi nilikofika ni Vitshumbi, kijiji cha wavuvi." Alitabasamu kidogo. "Nilijifunza kuvua kule, kijana."

"Mara ya mwisho ulimuona lini Papa Zéphirin?"

"Jumapili iliyopita. Baada ya misa."

"Jumamosi hamukwenda kuvua?"

"Nilikuwa mugonjwa."

"Ulilala hapa?"

"Hapa."

"Nani alikuona?"

"Nani wa kuniona?" Alisema bila hasira. "Sina mutu wa kuniona, mama."

Nsimire alivuta kiti kimoja, akaketi. Alimwonyesha kile kingine.

"Kaa, muzee. Dereva wa moto anaitwa Landry. Anasema aliwabeba wawili, akamurudisha mumoja."

"Amekosea siku."

"Anasema ulimuambia mwenzako amesafiri."

Kwa jirani, redio ilikuwa ikitangaza matokeo ya mpira.

"Mutu amekufa ameshika ufito," Nsimire aliendelea taratibu. "Ameunyoosha. Ncha yake imefika ukingoni, pale majani yamelala kwa sababu mutu alikuwa amekaa. Mwalimu, alikuwa anamunyooshea nani?"

Mzee alifunga macho. Alipoyafumbua alikuwa anatazama ramani, si wao.

"Mimi," alisema.

Gradi alianza kuandika maelezo.

"Ile usiku ya volkano," Sebahire alisema, "tulikimbia kwenda Sake na watu wote. Hatukuwa tunajuana. Yeye amefiwa na bibi wa ndoa mwaka ule, mimi bibi yangu alishakufa zamani, na mutoto hatukupata. Tulitembea bega kwa bega kwa sababu hakuna aliyekuwa anatushika mukono. Mbingu nyekundu nyuma yetu. Akasema, 'Muzee, tukipona, tutafute mahali pasipo na mulima wa moto.' Nikamuambia kuna kisiwa, kimejengwa na matumbawe tupu. Akaniambia, basi twende kuvua. Akacheka. Toka pale tukaanza kupanga."

"Mulitaka kweli kwenda?"

"Sijui. Pengine mimi sikutaka. Nilitaka kupanga." Alipangusa uso kwa kiganja. "Yeye ndiye alianza kuitaka kweli. Akanunua fulana. Akaletewa ule ufito. Tuliuchagua pamoja, kwenye simu yake, tukabishana siku nyingi juu ya urefu. Mimi nikashinda. Nikasema, mrefu ni bora."

"Jumamosi ilikuwaje?"

"Giza lilikuwa linatoka. Tuliujaribu ufito ukingoni, tuone unavyopinda. Mazuku tunayajua, tulikaa juu. Ndipo akaniambia. 'Sebahire ndugu yangu, mimi nasafiri Jumatano. Umwiza ndiye amepanga. Ni ya familia.' Nikanyamaza. Akaona vibaya, akanishika bega. Akasema, 'Usijali. Nitakuletea picha.'"

Alirudia neno hilo kwa sauti ya chini, kama anayelionja. "Picha."

"Ukafanya nini?"

"Nikachukua ufito nikautupa shimoni. Kama mkuki. Nilitaka tu asiende nao. Yeye akacheka. Akasema, 'Wewe ni mutoto, Mwalimu.' Akavua kofia, akavuta pumzi, akashuka. Alidhani atabana pumzi mupaka arudi. Aliufikia. Aliinuka nao. Halafu miguu ikakataa."

"Alikuita?"

"Mudomo ulifunguka, sauti haikutoka. Alininyooshea ufito. Ukafika hapa." Aligusa goti lake. "Mbele yangu hapa. Ilikuwa ni kushika tu na kuvuta. Na mimi ndiye nilisema mrefu ni bora."

Gradi aliacha kuandika.

"Mbona hukuvuta, muzee?" Nsimire aliuliza.

Sebahire alijibu kama mwalimu anayetaka mwanafunzi aelewe vizuri.

"Niliwaza Jumapili. Yeye yuko kule na wajukuu, mimi niko hapa na hivi viti. Halafu anarudi na mazungumzo ya kisiwa changu, mimi simo. Au harudi, binti anamuchukua Ulaya. Nikawaza: akibaki hapa chini, haendi popote. Niliwaza hivyo kidogo tu, mama. Kidogo sana. Nilipoacha kuwaza, mukono wake ulikuwa umelegea. Nikaushika ufito, nikavuta, nikasikia mpini unavutana na vidole vyake, lakini hakuja. Nikauachia. Nikakaa mupaka jua. Kofia yake nikaiwekea kokoto, upepo usiipeleke."

"Ungeita watu."

"Ningewaambia nini?"

Kwa jirani redio ilizimwa. Nsimire alisimama.

"Mwalimu Sebahire, sheria ina jina la kumuacha mutu afe ukiwa na uwezo wa kumuokoa. Na ufito uliutupa wewe. Itabidi twende."

"Najua."

"Kuna mutu wa kumuarifu?"

"Alikuwa ni yeye."

Alivaa koti, akafunga vifungo vyote. Gradi alitoa pingu, Nsimire akatikisa kichwa, na pingu zikarudi mfukoni. Majirani walikuwa wametoka milangoni kutazama. Hakuna aliyemwita kwa jina.

Ndani ya gari mzee aliketi nyuma, mikono magotini. Walikuwa wamepita soko alipoinama mbele.

"Mama Inspekta. Naomba kuuliza."

"Uliza, muzee."

"Kule gerezani. Chumba kimoja wanalala watu wengi?"

"Wengi sana. Watu wanalala kwa zamu, wamebanana. Usiku kucha ni kukohoa na kuongea. Sitakudanganya, ni pabaya."

Sebahire aliegemea kiti, akatazama nje.

"Afazali," alisema.