Jiwe Lililogeuzwa Uso

Vumbi lilianzia kwenye chai. Mke wa fundi mchonga mawe alimimina kikombe, akaona utando mweupe juu, akamwaga. Akamimina kingine, utando ule ule.

"Mume wangu, nguo zako uwe unakung'utia nje. Sasa tunakunywa mpaka kazi yako."

Fundi hakucheka. Asubuhi hiyo alikuwa hajagusa jiwe lolote.

Siku iliyotangulia, diwani alikata utepe kwenye kona ya barabara kuu, akazindua jiwe la kumbukumbu lililomsifu babu yake, msimamizi aliyejenga barabara hiyo zamani. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Hawakujua kwamba jiwe jipya lilimpasukia fundi mikononi sherehe ikiwa imekaribia, naye kwa kumwogopa diwani akang'oa jiwe la zamani lililosimama kwenye nyasi pale pale, akachonga sifa mgongoni mwake, na uso wake akaukandamiza kwenye zege la ukuta wa kumbukumbu.

Mafundi hugeuza mawe kila siku, wala hakuna anayewalaumu. Lakini huyu aliusoma ule uso kwanza. Ulikuwa na majina ya wanawake waliokuwa wakiponda kokoto za barabara, ngema ya udongo ikawaporomokea, na msimamizi akaamuru kazi iendelee juu yao huku wengine wakisikika bado wanalia chini ya udongo. Fundi alisoma mpaka jina la mwisho, kisha akakoroga zege.

Mchana, jua likiwa utosini, nyundo zikaanza kugonga nyuma ya nyumba. Ko, ko, ko. Mke alichungulia dirishani, akaona kamba ya nguo na uwanja mtupu.

"Unasikia?" alinong'ona.

"Sisikii kitu," fundi alijibu, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni.

Binti yao waliyemwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo, alirudi kutoka shule akiwa kimya. Alipojaribu kusema, kilichotoka ni vumbi. Daktari alimmulika koo, akaliona safi, akawarudisha nyumbani na dawa ya kikohozi. Harufu ya zege bichi ikajaa chumbani, ikawa inatoka ukutani na kwenye shuka na kwenye nywele za mtoto mwenyewe, na kila mama yake alipomwinua ili apate hewa alimkuta mzito kuliko alivyokuwa mara ya mwisho, shingo ikikaza, midomo ikigeuka kijivu, na kule nyuma nyundo zikiongezeka, nyingi, zikienda pamoja na pumzi yake, na pumzi ikipungua.

Kulipokucha mama alimleta mganga, mwanamke mfupi, mkali, asiyetaka hata kukaribishwa kiti. Alimwekea Chiriku kiganja kifuani.

"Nani humu?"

Mdomo wa mtoto ulifunguka, zikatoka sauti za wanawake watu wazima. "Tuko wengi. Uso wetu uko ndani ya zege, hatupumui. Na huyu hatapumua. Muulizeni baba yake."

Mke akamgeukia mumewe taratibu. "Umefanya nini?"

Akamweleza, macho chini. Alipomaliza akaongeza kwa sauti ndogo, "Nikilivunja, diwani nitamwambia nini?"

"Diwani? Mwanangu anakata roho, wewe unamwogopa diwani?"

"Tutoe," sauti zikasema, "tutamwacha mtoto. Lakini wewe ulitufuta ukijua. Na wewe tutakufuta."

Mganga aliondoa mkono. "Mtoto naweza kumwombea. Wewe siwezi. Hawa wana haki yao, fundi. Amua."

"Nakubali," fundi alisema. "Lolote. Mwacheni mwanangu."

Akabeba nyundo na tindo, akaubomoa ukuta mchana kweupe, magari yakimpigia honi na watu wa diwani wakimtukana. Alilitoa jiwe, akalisugua mpaka herufi zikawa wazi, akalisimamisha majina yakitazama barabara, na sifa za msimamizi akazikwangua zote. Dereva mmoja wa lori alishuka, akaanza kuyasoma majina kwa sauti, moja moja, na nyundo zilizokuwa zikimgonga fundi masikioni zikanyamaza.

Alikimbia nyumbani. Kabla ya kufika mlangoni alimsikia Chiriku akisimulia jambo bila kupumzika, na machozi yakamtoka kwa furaha. Akaingia bila kubisha hodi.

Mkewe alishtuka, akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Karibu, baba. Unamtafuta nani?"

"Mke wangu, ni mimi!"

"Utakuwa umekosea nyumba." Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayemwonea huruma mpotevu. "Humu tunaishi mimi na binti yangu tu. Chiriku, acha kumkodolea mgeni macho. Mwamkie."

Mtoto alijisogeza nyuma ya mama yake, akashika kanga.

"Shikamoo," alisema.