Jogoo Aliyeachwa na Yoeli

Fidelia alichovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu, akalifuta tena jeraha. Damu ilikuwa imekoma. Jeraha lilianzia chini ya jicho la Ema, likateremka shavuni mpaka karibu na mdomo.

"Tulia, mwanangu. Namalizia."

"Jumbe yuko wapi?" Ema aliuliza. Hakulia tena. Alitazama mlango tu.

Jumbe alikuwa jogoo wao. Walimpa jina hilo kwa sababu, kama jumbe anayedai kodi, hakumwacha yeyote apite uani bila kumtoza. Yoeli, baba yake Ema, alimnunua Makambako kabla ya kwenda Tanga kukata mkonge. Alimwambia mkewe, "Nakuachia huyu alinde nyumba." Mahindi yalivunwa, yakapandwa, yakavunwa tena, na Yoeli hajarudi. Jogoo akazidi kuwa mkali. Tabea, mama yake Yoeli, akazidi kumsifu.

"Kamwene!" jirani yao Kristina, mama yake Manase, alisalimu kutoka nje. Jumbe akamrukia. Upesi Tabea akatupa konzi ya mahindi upande wa pili. Jogoo akaacha vita, akala.

Kristina aliingia bila kukimbia. Alikuwa amefuga kuku miaka mingi. Akamwinua Ema kidevu, akatazama.

"Amechanwa kwa kipi cha jogoo," alisema, "ule mwiba wa mguuni. Kingepita juu kidogo, jicho lingetoboka. Umeosha kwa sabuni?"

"Kwa maji tu, Mama Manase."

"Osha na kwa sabuni. Likivimba au likitoa usaha, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo." Akamgeukia Tabea. "Mama Yoeli, humtupia mahindi kila akipigana?"

"Nisipomtupia atatumaliza!"

"Basi wewe ndiwe bwana wake. Anapigana, unamlipa."

Tabea alicheka kidogo, kisha akakung'uta punje zilizobaki mkononi.

"Mimi humchapa fimbo," Fidelia alisema.

"Fimbo humwambia kwamba ni vita kweli. Akikujia, simama. Usimpige, usikimbie. Mtu mzima amshike, ambane kwapani taratibu mpaka atulie. Wako wanaojifunza. Wasiojifunza ni wa kutiwa chunguni. Na mayai ya sasa yaleni, msiyaatamishe, maana vifaranga hurithi ukali. Lakini mtoto asikutane naye kamwe. Mjengeeni ua wake."

"Yoeli alimwacha atulinde," Fidelia alisema polepole. Aliona kwamba kumchinja ni kama kukubali kuwa mumewe harudi.

Kisha Tabea akasema, macho chini:

"Yoeli akirudi amkute jogoo mzima na mtoto chongo, nitamwambia nini mimi? Mkwe wangu, lete panga. Tukakate mianzi."

Kufikia jioni pande tatu za ua zilikuwa zimesimama, zimefungwa kwa kamba za magome. Fidelia alimshika Jumbe bila fimbo. Aliusikia moyo wa jogoo ukidunda ubavuni mwake, kisha ukatulia. Akamfunika kwa tenga, akaweka jiwe juu.

"Asipojifunza?" Tabea aliuliza.

"Tutamla, Mama. Yoeli tutaendelea kumngoja."

Ema alisimama mlangoni. Alilitazama tenga, akalitazama jiwe. Kisha akatoka peke yake, akavuka uani mpaka kwenye kiota. Alirudi na yai mkononi, akitembea, hakimbii.

Mianzi ya upande wa nne ililala chini, haijapasuliwa. Fidelia aliinama kuichukua.

"Iache," Tabea alisema. "Giza limeingia. Tutamalizia kesho."