Karatasi ya Lorene

Kwenye foleni ya sharubati ya limau, katika maonyesho ya wakulima ya Harlow, Indiana, kiangazi cha 1953, kijana mwenye ovaroli nyeupe iliyolowa oili alijipenyeza mbele ya Lorene Hostetler.

"Kaka, mimi ni wa sita. Wewe ni wa tisa."

Akageuka. Uso wote vumbi, isipokuwa miduara miwili safi ilipokuwa miwani. "Dada, umekuja kunywa au kuhesabu watu?"

"Vyote viwili."

Merle Tackett, dereva wa mbio za magari, alicheka akarudi nyuma. Siku hiyo hiyo alimwomba awe mhesabu wake. Kila gari lilikuwa na mtu jukwaani wa kuandika saa kila lilipokata mstari. Lorene, aliyepima malori ya mahindi kwenye mizani ya ghala wiki nzima, hakuzoea kukosea. Merle akamwita "saa yangu". Yeye akamwita "wa tisa". Kiangazi kilichofuata walikuwa wapenzi.

Septemba hiyo, mbio zilikuwa za mizunguko mia moja. Katika mzunguko wa sitini na moja gari moja lilipinduka, na makarani wote wa waamuzi wakasimama kutazama. Lorene hakuinua macho. Merle alimaliza wa kwanza. Ushindi akapewa mwingine. Eti kwa hesabu ya makarani, Merle kakimbia mizunguko tisini na tisa.

Lorene akashuka na karatasi yake hadi kwenye uzio wa uwanja, gauni la manjano limejaa vumbi. Mwamuzi mkuu, ambaye muda huo huo alikuwa amepokea karatasi za wahesabu wawili wanaume, hakuigusa yake.

"Wanawake hawavuki uzio huu, bibie. Na wewe ulikuwa ukimtazama mpenzi, si gari."

"Merle, mwambie!"

Nyuma ya Merle alisimama Burkhart, mwenye gari, aliyemwahidi kiti cha udereva katika mbio kubwa za Indianapolis na hakutaka ugomvi na waamuzi.

"Huenda alipepesa jicho," Merle akasema.

Siku ya tatu simu ililia ghalani.

"Saa yangu..."

"Ulijua ni mia?"

"Nilijua, mpenzi. Lakini kile kiti..."

"Basi kakioe hicho kiti!" Akakata simu.

Jumatatu iliyofuata Merle alitokea mizanini kwa miguu, koti la kanisani mwilini, kofia ya mbio kwapani.

"Burkhart kanifukuza."

"Wakulima wameniambia. Jana ulinyakua kipaza sauti mbele ya uwanja mzima. Ulisema mingapi?"

"Mia moja."

"Na jicho?"

"Halikupepesa. Mimi ndiye niliyesema uongo."

"Matokeo je?"

"Hawajabadili hata nukta."

"Wezi!"

"Wezi," Merle akaitikia. Akatia mkono mfukoni. "Lorene, nina swali..."

Lorene akatazama barabarani. "Kuna malori manane mbele yako. Unajua wewe ni wa ngapi."

Merle akaenda akasimama nyuma ya lori la mwisho. Lorene akayapima yote manane, pole pole, bila kukosea hata ratili moja. Kisha akafungua dirisha.

"Wa tisa!"