Alama ya Kidole Gumba

Kila asubuhi mama yangu huketi kwenye kiti cha plastiki, mlangoni mwa karakana. Huomba donge la udongo. Mimi hulilowesha kidogo nikampa. Huliminya, akaliviringisha, akaliminya tena. Mikono yake siku hizi inatetemeka, kwa hiyo hakitoki kitu. Lakini bila lile donge, hata chai haimshuki.

Karakana yenyewe imebaki vilevile. Koleo na visu vya mbao vimetundikwa ukutani. Ndoo za plasta zimekaukia kwenye kona. Juu ya rafu kuna miguu miwili ya plasta isiyo na mwenyewe. Nikiingia humo na kunusa ule udongo mbichi, narudi kuwa mtoto wa miaka tisa. Natamani siku zile.

Watu wa mji humwita Mama Sanamu. Jina hilo alilipata kwa jasho. Kwa miaka thelathini alitengeneza sanamu sita, zote za wanawake, na zote zinasimama mahali pa watu wote. Mfagizi yuko sokoni na ufagio wake. Dereva wa kwanza mwanamke yuko kituo cha mabasi, mikono kiunoni, kama anayesubiri abiria mzembe.

Kabla ya hapo, sanamu zote za mji zilikuwa za wanaume. Mmoja alishika upanga, mwingine alishika kitabu, na kila mmoja alinyoosha kidole. Mama alikuwa akipita pale akicheka.

"Mji huu una vidole vingi mno," alisema. "Mikono iko wapi?"

Ndiyo maana sanamu yake ya kwanza ilikuwa ya mkunga. Yule mkunga alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Alikuwa amezalisha nusu ya mji, nami nimo. Hakuwahi kupigwa picha hata moja. Akiona kamera alisema ana haraka, kuna mtu ameshikwa na uchungu.

Kwa hiyo mama alimtengeneza kwa kumbukumbu. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kuchomelea. Aliunga nondo zikawa mifupa ya sanamu. Mama akaivika udongo, siku baada ya siku. Kazi yangu ilikuwa kulowesha matambara na kuufunika, usije ukakauka ukapasuka. Wanawake waliozalishwa na mkunga walikuja kutazama.

"Pua ndiyo, lakini shavu hilo si lake," alisema mmoja.

"Bega la kushoto lilishuka," alisema mwingine. "Upande huo ndio aliobebea mkoba."

Mama alibomoa, akaanza upya. Hakununa. Kisha wakaja wajumbe wa kamati ya mji iliyoagiza sanamu. Walitaka mkunga awe kijana na mwembamba kidogo, ili apendeze. Mama aliwatazama kuanzia juu mpaka chini.

"Nyinyi mlipozaliwa, aliyewapokea alikuwa mwembamba?"

Wajumbe wakaaga.

Udongo ulipokamilika, walizungushia plasta wakapata kalibu, yaani ganda tupu la kumiminia. Kwa kalibu hiyo wakatengeneza sanamu ya nta. Mwishowe mafundi wa kuyeyusha wakaifunika nta kwa ganda gumu, wakaiyeyusha itoke, na mahali pake wakamimina shaba iliyochanganywa na bati. Udongo ulibomoka wakati wa kuvua kalibu. Kalibu nayo ikavunjika. Basi uso wa mkunga ukabaki mmoja tu duniani, ule wa shaba.

Chini ya kidevu chake palikuwa na alama ya kidole gumba. Mama alikibonyeza pale mwisho kabisa, udongo ukiwa bado laini. Wakati ule hakujua kusoma wala kuandika.

"Hiyo ndiyo sahihi yangu," aliniambia. "Wenye kalamu waandike, mimi nimebonyeza."

Baadaye alijiunga na darasa la kisomo cha watu wazima. Mwalimu aliyemfundisha ndiye sanamu yake ya pili, iliyo mbele ya maktaba. Hiyo ina jina la mama kamili, herufi kubwakubwa, moja imeelekea upande. Lakini mimi nilipenda zaidi ile ya kidole.

Miaka ikaenda. Mkunga akasimama mbele ya zahanati na mkoba wake. Wajawazito waliingia wakimgusa mkono. Baba akatutoka. Mimi niliolewa, nikahamia mbali, kisha nikarudi kumtunza mama.

Mwaka jana ikaja barua ya manispaa. Mama aliisoma mwenyewe, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Barua ilisema sanamu ya zahanati imechakaa na inachafua mandhari. Baada ya wiki tatu afisa angekuja kuikagua. Akiikuta katika hali ileile, ingeng'olewa na kuwekwa ghalani.

"Ghalani," mama alisema. "Pamoja na viti vibovu."

Aliweka donge lake chini. Hakuligusa siku mbili. Nilimwonea uchungu, nikaenda kumtazama mkunga mwenyewe. Kichwani alijaa kinyesi cha ndege. Vumbi lilikuwa limemganda mabegani. Uso ulikuwa mweusi, una michirizi.

Nikajiambia, kazi ndogo hii. Mimi si mtoto wa mama huyu? Tangu nina miaka saba alinifundisha kusugua sufuria mpaka nijione uso. Kesho yake nilibeba majivu, mchanga, ndimu na waya wa kusugulia vyombo. Kaka yangu alinibebea ngazi. Nikapanda, nikaanza na shavu la kulia.

Likang'aa! Watu waliokuwa kwenye foleni ya zahanati wakapiga makofi.

"Mkunga leo anaolewa!" mmoja alitania.

Nikavimba kichwa. Nikaongeza nguvu, nikashuka mpaka kidevuni.

"Dada, acha! Shuka! Shuka sasa hivi!"

Alikuwa jirani yetu, mwanamke anayefanya kazi kwenye jumba la makumbusho. Mtaani tunamwita Glavu, kwa sababu hata akimenya chungwa huvaa glavu. Tulidhani kazi yake ni kupangusa vumbi tu.

"Unaondoa nini hapo?" aliuliza akihema.

"Uchafu. Huoni ulivyo mweusi?"

"Huo weusi si uchafu, dada. Hiyo ni ngozi yake. Shaba ya namna hii huvikwa rangi kwa moto na dawa, na ikikaa nje miaka, ngozi hiyo inakomaa. Inaikinga. Ukiibandua, mvua na hewa vinaila shaba yenyewe."

"Na ndimu?"

"Ndimu ni asidi, inaila haraka zaidi. Kinyesi cha ndege nacho kinaila, kwa hiyo hicho kweli kiondoke. Lakini mchanga na waya vinakwaruza. Kila ukisugua, unaondoka na kipande cha uso wake."

Niliinama nikatazama chini ya kidevu. Nusu ya alama ya kidole cha mama ilikuwa imefutika. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya foleni yote.

Nyumbani nilimweleza mama kila kitu. Sikuthubutu kumtazama.

"Ulisugulia nini?"

"Waya wa sufuria, mama."

Mama aliangua kicheko mpaka akakohoa. "Ewe mwanangu! Nilikufundisha vizuri kupita kiasi!" Kisha akafuta machozi, na sikujua kama yalikuwa ya kicheko tu. "Hebu niitie huyo Glavu."

Glavu alikuja, akaketi karibu naye.

"Shikamoo, mama. Sanamu zako zilikuwa zinaoshwa na nani?"

"Marahaba. Na mvua," mama alijibu. "Mimi nilijua kuzizaa, mwanangu. Kuzilea sikufundishwa."

Jumamosi tulimpeleka mama zahanati, tukamweka kivulini. Kaka alileta madumu ya maji safi. Glavu alituonyesha. Kwanza tulimwagia mkunga maji, vumbi na mchanga vitoke bila kusuguliwa. Kinyesi kilichoganda tulikilowesha kwa kitambaa chenye maji mpaka kikalainika chenyewe. Kisha tukaosha kwa sabuni laini, matone machache kwenye ndoo, kwa kitambaa cha pamba na brashi ya nywele laini. Tulianzia chini tukapanda juu, ili maji machafu yasiache michirizi. Tukasuuza sana. Tukakausha kila kikunjo, hata ndani ya masikio.

"Mnamkausha kama alivyokuwa akiwakausha nyinyi," mama alisema kivulini.

Lile shavu la kulia na kidevu tulimwachia fundi wa makumbusho. Aliwasha moto mdogo akarudisha rangi polepole, sisi tukikaa mbali. Sehemu zilizobanduka kama hizo si za kujaribu mwenyewe, Glavu alisisitiza. Mwisho tulipaka nta ya kukingia shaba, tabaka jembamba. Ilipokauka tukaing'arisha kwa kitambaa kikavu. Mkunga hakumeta kama sufuria. Alitulia, mweusi mwenye joto, kama nilivyomwona nikiwa na miaka tisa.

Afisa alikuja siku aliyoahidi. Alimzunguka mkunga mara mbili.

"Mbona shavu hili limepauka kidogo?"

"Binti yangu alimbusu kwa nguvu," mama alisema.

Afisa alicheka. Kisha akauliza nani atamwosha mwakani. Glavu alimpa ratiba tuliyoiandika: mara mbili kwa mwaka, na majina ya wanawake kumi wa foleni ile ile. Wengine walikuwa ndiyo kwanza wamejua kuandika majina yao. Afisa aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Anabaki," alisema.

Wanawake walipiga vigelegele. Mama akaniambia nimsogeze. Kaka na mimi tulimshika huku na huku, tukampandisha kwenye jukwaa la sanamu. Aliinua mkono wake unaotetemeka mpaka chini ya kidevu cha mkunga. Alitafuta kidogo kwa kupapasa, kisha akaweka kidole gumba juu ya ile nusu iliyobaki. Mkono ukatulia.

"Bado kinaenea," alisema.

Nilianza kuomba radhi kwa ile nusu niliyoifuta. Mama hakunisikiliza. Alishika mkono wangu, akakichagua kidole gumba changu, akakiweka pale palipofutika, kando ya chake.